Kinyozi Aliyekatazwa Kugusa

Kinyozi yule alikuwa na mikono isiyojua kutulia. Akimaliza kukunyoa hakuachi hivi hivi: atakukanda shingo, atakupigapiga mabega, kisha atakumwagia spiriti kisogoni na kukusugua mpaka machozi yakutoke. Kwake hapakuwa na balaa la ngozi lisilosalimu amri mbele ya spiriti. Upele? Spiriti. Chunusi? Spiriti. Angekuwa daktari angemaliza mtaa mzima, lakini mkono wake kwenye ndevu ulikuwa mwepesi na utani wake uliwavunja watu mbavu, kwa hiyo benchi lake halikukosa wateja.

Tangu binti yao wa mwisho aolewe, nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la kunyolea ilipoa. Mkewe alizama kwenye cherehani yake. Yeye, mteja wa mwisho akiondoka, alibaki kuongea na vioo. Ndipo fundi viatu wa jirani akamletea paka mchanga, mweupe pe, naye akamwita Pamba. Siku hiyo hiyo Pamba alilala juu ya taulo safi za wateja, na kinyozi akampenda hadi akasahau kula. Usicheke. Mtu mzima naye ana haki ya kupenda.

Pamba alipoanza kuchangamka, vikamtoka vinundu vyekundu kichwani na shingoni, vidogo kama punje za choroko. Kinyozi hakutishika. Alichukua spiriti, akachukua na ile brashi ya kufutia nywele, akasugua. Vikavimba. Akasugua zaidi, vikavimba zaidi, na maskini Pamba akawa anajikuna mpaka anapinduka.

"Uchafu unatoka huo," kinyozi alijipa moyo, akaongeza spiriti.

Aliyelipua bomu ni mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka nenda rudi. Aliinuka kitini nusu ya ndevu zikiwa bado hazijanyolewa, akamkodolea macho paka.

"Ndugu yangu, hayo si mapunye hayo?"

Benchi zima likageuka kumtazama paka. Mapunye, ndani ya duka la kunyolea! Habari ilikimbia mtaani, na haikupita wiki kinyozi akawa ananyoa hewa.

Mkewe alikuja, akasimama mlangoni na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Mume wangu, sina ugomvi na huyo paka. Ila nani atakuletea kichwa chake hapa? Mtafutie pa kwenda."

"Pa kwenda wapi?"

"Popote pasipo na vichwa vya watu."

Kinyozi alimtia Pamba kwenye kikapu, roho mkononi, akampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja kijana mwenye macho ya upole.

"Mzee, umekuwa ukimpaka nini?"

"Spiriti, daktari. Na brashi. Asubuhi, na jioni nikipata nafasi."

Daktari alifumba macho kidogo. Kisha akakisugua kinundu kimoja taratibu kwa ncha ya kidole, na punde kikavimba pale pale mbele yao.

"Umeona?"

"Nimeona. Si uchafu huo?"

"Si uchafu, mzee. Ni wewe."

Alitoa majimaji kidogo kwa sindano, akayatazama kwenye hadubini, akatabasamu. "Sioni mapunye hapa. Kwenye ngozi kuna chembe za ulinzi, zinaitwa seli za masti. Zimebeba kemikali ya kuwasha na kuvimbisha. Kwa Pamba zimezidi, zikajikusanya. Ukizisugua, zinamwaga mzigo wote. Haziambukizi mtu wala paka mwenzake."

"Atakufa?"

"Kwa paka wachanga, vinundu vya namna hii mara nyingi husinyaa vyenyewe. Siwezi kukuahidi. Nitamtia ganzi, nikate kipande kikapimwe, isije ikawa ile aina mbaya ya saratani. Nitampa dawa ya muwasho. Na wewe usimguse."

"Hata kumpapasa?"

"Hata kumpapasa."

Mkewe aliposikia kwamba haambukizi, alikwenda mwenyewe kwa mwalimu kumwambia akautangaze ukweli kwa sauti ile ile aliyotangazia mapunye. Mwalimu, muungwana, akautangaza, na benchi likajaa tena. Majibu ya kipande nayo yakaja: si ile aina mbaya. Ikabaki kungoja, na hapo ndipo kinyozi alipoumia. Akipitiwa na Pamba miguuni, alitia mikono mifukoni. Mkono ukichomoka, mkewe aliita kutoka kwenye cherehani, "Nakuona!" Hamu yote ikaishia mabegani mwa wateja, waliokandwa mpaka wakaomba msamaha kwa makosa wasiyoyafanya.

Siku ya kurudi kliniki walikwenda wote wawili. Daktari alitenganisha manyoya, akakagua kichwa, akakagua shingo. Ngozi ilikuwa laini, imebaki na madoa hafifu tu.

"Haya mzee, mpapase."

Kinyozi hakuthubutu. Mikono iliyozoea vichwa vya mtaa mzima ilibaki mifukoni.

"Mpapase, bwana," mkewe alisema. "Unangoja mwaliko?"

Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Pamba, akakiondoa, akatazama. Hakuna kilichovimba. Akapapasa tena. Pamba aliinua kidevu na kuanza kukoroma kwa raha, na kinyozi akalia waziwazi, huku akicheka, mbele ya daktari na wenye kuku na mbuzi wao waliokuwa wakingoja zamu.

"Nilidhani nitamuua kwa kumpenda," alisema.

Mkewe alimfuta machozi kwa kiganja chake, kisha akaushika mkono wake na kuurudisha pale pale kwenye manyoya.

"Endelea," alimwambia. "Hajashiba."