Kiswahili cha Kwenda Barazani

Nilijifunza Kiswahili nikiwa mama wa watoto watatu, na sikujifunza kwa kupenda. Nilijifunza kwa hasira.

Mume wangu alifia huko chini tambarare, kwenye mashamba ya mkonge. Arobaini yake haijafika, binamu yake akaja kudai shamba letu la bondeni. Lilikuwa dogo, lakini lilipitiwa na mfereji, nikilima humo kabichi na viazi hata kiangazi, na ndilo lililotulisha. Binamu alidai kwamba ni la baba yake, sisi tuliazimwa tu. Uongo mtupu! Lile shamba nilipewa na baba wa mume wangu siku nilipotoka uzazini na mtoto wa kwanza. Alisimama kwenye mfereji akanionyesha mpaka kwa fimbo yake. Sasa mzee alikuwa amekufa, na mimi niliishi na mavyaa, mjane wake.

Shauri likafika kwa Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa akija barazani kwetu mara moja moja. Mbele yake watu walisema Kiswahili. Mimi nilikuwa na Kishambaa changu na maneno machache ya sokoni: debe, ongeza, sitaki. Siku ile akatafutwa mtu wa kunitafsiria, mzee mmoja wa hapo hapo kijijini aliyewahi kuwapikia Wazungu. Nilieleza kirefu, fimbo, mfereji, mtoto mgongoni. Yeye akayatoa yote kwa maneno ya kujaza kiganja. Kisha nikaulizwa jina la aliyenipa shamba.

Nikanyamaza. Kwetu mke hamtaji baba wa mumewe kwa jina, hata kama ameshazikwa, na mumewe mwenyewe pia hamtaji. Ukibanwa sana unamtazama mtu wa karibu, naye anakutajia. Kwa hiyo nikamtazama mkalimani. Alikuwa Mshambaa kama mimi, alijua kabisa ninachomwomba. Akamgeukia Bwana Shauri, akasema neno moja: "Hajui." Karani akaandika. Binamu akatabasamu, na Bwana Shauri akasema atarudi masika yakiisha, alione shamba kwa macho yake.

Lile neno nikalishika hivyo hivyo, bila kulielewa, mpaka siku ya soko Lushoto. Palikuwa na mama mmoja wa Pwani, mke wa askari, aliyeuza vitumbua karibu na mahali nilipotandaza kabichi zangu. Nikamuuliza, kwa vipande vya maneno na mikono, "hajui" ni nini. Aliponielewesha nilipandwa na ghadhabu hata nikashindwa kuuza. Mimi sijui aliyenipa shamba? Nikamwomba anifundishe, nami nitamletea kabichi kila soko.

Alikuwa mwalimu mkali, na mcheshi kupita kiasi. Alikaa juu ya debe, akakunja uso, akajifanya Bwana Shauri. "Haya, mama, sema!" Nikisema, anacheka mpaka vitumbua vinaungua. "Shoga yangu, Kiswahili hakilimwi kwa jembe! Kiseme taratibu." Nyumbani niliendelea peke yangu bondeni, kwenye ukungu, nikizigombeza kabichi kwa Kiswahili. Mavyaa alisimama kwenye tuta akinisikiliza, akauliza kama nimelogwa. Nilimwambia kwamba barazani sitasemewa tena na mtu.

Masika yakaisha, Bwana Shauri akarudi. Mavyaa alisisitiza twende wote, akaketi chini, hatua mbili kutoka niliposimama. Mkalimani akajitokeza. Nikasema, "Nitasema mwenyewe, bwana." Watu wakageuka kunitazama, nami nikajiona mtu mkubwa. Nilieleza yote, mfereji, fimbo, mpaka. Kiswahili cha Bwana Shauri kilikuwa cha kujifunzia ukubwani kama changu, tukaelewana vizuri kuliko walivyotuelewa wengine.

"Nani alikupa shamba?"

"Baba wa mume wangu."

"Jina lake?"

Miezi yote ile nilidhani kwamba nikisema Kiswahili jina lile halitanishinda, kwamba litakuwa neno kama maneno mengine. Lakini jina ni lile lile. Mavyaa hakujua Kiswahili hata kidogo, na hilo moja angelisikia. Nikatazama wazee waliokaa kwenye benchi, nao wakatazama miguu yao. Walikuwa upande wa binamu. Karani alikuwa amefungua ukurasa wa zamani, ule wenye "hajui".

"Namjua," nikasema, nikamtaja.

Benchi zima likaguna. Mavyaa akavuta nguo akajifunika uso. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Bwana Shauri akashuka nasi bondeni, nikamwonyesha mpaka, akalinganisha na maelezo ya binamu ambaye hata mfereji ulikoanzia hakukujua. Jioni hiyo shamba likawa langu, na furaha sikuipata.

Walipoondoka tulibaki mimi na mavyaa pale kwenye mfereji. Nikapiga magoti, nikamwambia kwa lugha yetu, "Mama, nisamehe. Nimekukosea adabu."

Aliketi kwenye tuta, akaniambia nami niketi.

"Mimi sikumtaja hata siku moja," akasema. "Waliokuwa wakimwita kwa jina lake wamekufa wote. Nilidhani sitalisikia tena."

Nikasogea karibu naye.

"Hebu sema tena kile Kiswahili chako," akasema.

"Chote, mama?"

"Hapana. Pale ulipomtaja."

Nikamtaja. Akafumba macho, akaniomba nirudie.