Fungu la Machungwa Matano

Harufu ya ganda la chungwa ikinifikia, hata niwe nimekaa mahali pa raha, huinuka nikahama. Watu husema chungwa linanukia vizuri. Sibishi, linanukia vizuri sana. Ila mimi hunirudisha Mafiga, mtaani nilikokulia, kwenye meza ya mbao iliyotegemezwa kwa tofali mguu mmoja, nina miaka kumi, nimesimamishwa uani huku watu wazima wawili wanahesabu pesa kwa mara ya tatu wakinitazama mimi badala ya pesa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sukari na sabuni zilikuwa zimerudi madukani, ila pesa ya kuzinunulia ndiyo iliyokuwa imepotea. Kiwandani kazi zilipungua, na mama akawa miongoni mwa waliorudishwa nyumbani. Karibu kila nyumba mtaani kwetu ilitoa meza nje: huyu vitumbua, yule mafuta ya taa ya kupima, sisi machungwa.

Mama hakuwa na mtaji wa kutosha, kwa hiyo aliungana na Bi Mwajuma, Mluguru wa Kinole aliyeolewa Bigwa. Bi Mwajuma alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye mlima wa pili, na alikuwa na mkono wa kutoa. Ukimwamkia shikamoo hakuachi uondoke mdomo mtupu. Machungwa yake yalitoka shambani kwa kaka yake huko juu, madogo madogo, na aliyauza matatu kwa shilingi kumi. Ya mama yalikuwa makubwa, ya kununua kwa jumla, mawili kwa kumi. Kila asubuhi kila mmoja alitoa mezani machungwa thelathini. Jioni Bi Mwajuma anachukua mia yake, mama mia na hamsini yake, wanamshukuru Mungu.

Likizo ilipoingia, meza wakaniachia mimi. Bi Mwajuma alikuwa akipanda Kinole kufuata mzigo, mama akizunguka kufulia watu nguo. Jamani, wateja walinitesa! Huyu anataka dogo moja kubwa moja, yule anayabonyezabonyeza yote kisha anasema hana chenji. Bi Mwajuma ndiye aliyetoa shauri.

"Mama Esta, tunamchosha mtoto bure. Matatu yangu kumi, mawili yako kumi. Tuyachanganye, fungu la matano, ishirini. Basi!"

Mama alicheka, akasema mbona hatukuliwaza mapema. Hata mimi niliona ni jambo la akili.

Siku hiyo niliuza kwa raha. Kila fungu nililipanga madogo matatu chini, makubwa mawili juu. Jioni madogo yalipokwisha, niliyapanga makubwa yaliyobaki matano matano, kama nilivyoagizwa. Hayo hayakukaa. Mzee Shomari, mstaafu wa reli, alipita na kikapu chake akayachukua mafungu yote mawili ya mwisho. "Mimi mzee, nanunua masazo," alisema, akaniombea baraka nyingi sana.

Walipokuja, mama aliumimina mkebe wa pesa mkekani, pale uani. Mia mbili na arobaini. Ilitakiwa mia mbili na hamsini, mia ya Bi Mwajuma na mia na hamsini ya mama. Wakahesabu tena, wakainua mkeka, wakapapasa chini ya meza. "Labda imeanguka," alisema Bi Mwajuma, na siku hiyo yakaishia hapo.

Siku ya pili ikapungua kumi ileile.

Bi Mwajuma hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Aliniita taratibu, akanikung'utisha gauni, akanivua ndala, akapitisha vidole kwenye nywele zangu kana kwamba sarafu inaweza kusukwa humo. "Hesabu haidanganyi, mwanangu," alisema. "Mtu ndiye anayedanganya." Kisha akamgeukia mama. "Kesho ikipungua tena, mimi nasomesha Albadiri. Sitamtaja mtu. Mwenyewe itamjua."

Kama hukukulia mitaa ile huwezi kujua neno hilo lilivyotingisha watu. Albadiri ni kisomo cha kumwapiza mwizi asiyejulikana, na kila mtoto alikuwa na habari ya mtu aliyesomewa tumbo likavimba, au akaanza kuokota makaratasi barabarani. Sisi tulikuwa watu wa kanisani, lakini mtaani kwetu ilijulikana kwamba Albadiri haiulizi dini. Nilijipapasa tumbo. Nilijua sijaiba. Halafu nikaanza kujiuliza: je, kama nimeichukua nikasahau? Je, kisomo kinamsamehe aliyesahau?

Bi Mwajuma alipoondoka, mama alinishika kidevu. "Esta, nitazame usoni. Umechukua?"

"Sijachukua, mama."

Alinitazama muda mrefu. Nilingoja aseme, "Nimekuamini." Alikiachia kidevu changu, akaenda kupuliza jiko.

Kesho yake niliufunga mkebe kiunoni kwa kamba. Haja ilinibana mpaka machozi, sikwenda chooni. Kila sarafu ikiingia nilisema "Mungu wangu umeiona," na mteja mmoja akaniuliza kama naumwa. Mzee Shomari alipokuja na kikapu chake kuchukua masazo, nilikuwa nimelowa jasho mgongo mzima, nikampa akaniombea baraka zake, akaenda zake.

Mama aliwahi kurudi. Aliuchukua mkebe akaingia nao ndani, nami nikamfuata hadi kwenye pazia. Alihesabu amenipa mgongo. Akahesabu tena. Kisha akafungua pindo la kanga, pale alipokuwa akifunga pesa za kufulia, akatoa sarafu ya kumi, akaitumbukiza mkebeni polepole isilie.

Wenzangu, sijui niwaeleze vipi. Bi Mwajuma alikuja akahesabu, mia mbili na hamsini kamili, akapiga kofi la furaha. "Mmeona? Haijasomwa, imeshafanya kazi!" Akanipapasa kichwa kwa upole, kama mtu anavyompapasa mtoto aliyetubu. Mimi nilikuwa namtazama mama. Mama alikuwa anatazama sakafu. Nikajua mama yangu mzazi ameniona mwizi, na amenilipia.

Tangu siku iliyofuata hakuniachia meza tena. "Kasome," alisema tu. Alikaa mwenyewe, na hesabu ikawa sawa kila jioni, na Bi Mwajuma hakuacha kulitaja hilo. Na baada ya siku mbili tatu, kila jioni meza ikishaingizwa ndani, mama alitoa chungwa moja kubwa alilolitenga kwenye tenga lake, akalimenya kwa kisu, ganda likitoka refu bila kukatika, akanipa bila neno. Niliona wazi ni hongo: anilishe nishibe, nisimwibie tena. Nililila kwa kinyongo, uso ukutani. Kinyongo hicho nilikua nacho, nikaolewa nacho.

Miaka mingi baadaye mwanangu alirudi shuleni na chemsha bongo: wanawake wawili wanauza matunda, wanachanganya mafungu, pesa inapungua, nani mwizi? Niliacha kupika. Nilichukua punje thelathini za maharage na thelathini za mahindi, nikazipanga juu ya sinia, maharage matatu na mahindi mawili kila fungu. Mafungu kumi, maharage yakaisha. Yakabaki mahindi kumi peke yake. Mafungu mawili ya makubwa matupu, yanayouzwa arobaini wakati kwa bei ya mama, mawili kwa kumi, yangeleta hamsini. Shilingi kumi yetu hiyo hapo, kwenye kikapu cha Mzee Shomari, wala naye hakuiba. Hesabu yao wenyewe ndiyo ilikuwa inasubiri pesa ambayo mafungu yale hayakuweza kuleta. Nilikaa sakafuni nikalia, mwanangu akadhani amekosea swali.

Jumamosi nilikwenda kwa mama na punje zangu mfukoni. Bi Mwajuma alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilimpangia mama mkekani tangu mwanzo hadi mwisho. Alifuatilia, kisha akazisogeza zile punje kumi za mahindi kwa kidole.

"Siku ile nilitia kumi kwa sababu niliamini umechukua," alisema. "Sikufichi. Kesho yake nikakaa mezani mwenyewe. Ikapungua kumi. Keshokutwa, kumi. Nikajua mwanangu si mwizi. Nikawa natia yangu kila siku."

"Msimu mzima, mama?"

"Ningefanyaje? Ningemwambia imepungua mikononi mwangu angesomesha, na mimi sikujua kisomo kitamwangukia nani."

"Ungeniambia mimi. Mimi tu."

Mama alizikusanya punje, maharage kwa mahindi, akazishika kiganjani.

"Nilikuwa nakumenyea chungwa," alisema.

Kumbe miaka yote ile nilikuwa nimeombwa radhi, kila jioni, na kila jioni nilikula nimempa mgongo.