Swali Nililolikuta Mtoni

Mwaka ule darasa langu la fizikia hapa Kolwezi lilikuwa na msichana aliyeuliza maswali bila huruma. Baba yake, mchomeleaji wa vyuma, alikubali kutuletea mashine yake siku ambayo umeme ungekuwepo.

Nilisugua bati la zinki, nikaliweka juu ya chupa yenye vipande viwili vya karatasi ya alumini vilivyoning'inia kwa waya uliogusa bati, nikalitia chaji hasi. Vipande vikatengana. Tukalimulika kwa taa ya lori: havikusogea. Kisha baba yake akawasha mwali wa mashine yake kule nyuma kabisa ya darasa, sisi tumegeuza nyuso. Vipande vikaanguka, vikagusana papo hapo.

"Mwanga umezing'oa elektroni," nikasema. Nikaeleza nilivyofundishwa: elektroni ni kama imefungwa kwa springi, na mawimbi ya mwanga huitikisa mpaka ikatike.

"Tata mwalimu, taa ya kamio ilipiga bati karibu kabisa. Juu ya nini haikutosha kitu, haikung'oa hata elektroni moja?"

"Springi huitikia mdundo wake tu."

"Basi ule mwangaza wa mashine, wa mbali vile, ungekawia kuijaza nguvu. Hatukungojea hata kidogo."

Nililiandika swali lake kwenye daftari langu.

Nilisoma miezi mingi kutafuta jibu. Hatimaye nikaona njia: mwanga ubaki wimbi kama zamani, ila elektroni ipande kwa ngazi za nishati, si kwa mteremko. Hesabu ilikubali. Nilifurahi peke yangu kama mwendawazimu.

Lakini yule msichana alikuwa ameacha shule. Mtaa wao ulivunjwa kwa ajili ya shimo la madini, na baba yake alikuwa mgonjwa wa kifua. Nilimkuta mtoni akiosha mawe ya kobalti, maji yakimfika magotini.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye tope. Alisikiliza bila kuacha kutikisa chujio.

"Sawa, tata," akasema. "Na atomu iliyo peke yake mu giza, hakuna wimbi la kuitikisa, inatosha mwangaza, inautoa namna gani?"

Njia yangu ilikufa hapo hapo. Kwa hesabu yangu, bila wimbi elektroni isingeshuka ngazi hata moja, lakini atomu iliyokwisha kupata nishati hung'aa hata gizani.

"Rudi shuleni," nikamwambia, na nikasikia aibu kabla sijamaliza.

"Nani atakaa na baba?"

Aliinama tena. Niliporudi juma lililofuata, wanawake wa pale waliniambia amehamia upande wa Tenke. Sikumfuata. Ningemwambia nini?

Darasani sasa wananakili ninachoandika ubaoni, na hakuna anayeinua mkono.