Mchumba Aliyetulisha Kithai

Kaka yangu aliponituma kumtazama mwanamume aliyetaka kumwoa binti yake, nilidhani nitakwenda kwao Itiryo, nilione boma, nisikie anavyosemezana na mama yake. Badala yake mura huyo, kijana huyo kwa Kikurya, karani wa mkandarasi mmoja huko mgodini, akasema mimi na binti tukutane naye kwenye mgahawa wa Kithai hapa Matongo. Alisema ndipo wanapokutana watu wenye heshima zao.

Heshima yenyewe ilikuwa chumba cha bati kando ya kituo cha mafuta, chenye maua ya plastiki mezani, na ukutani picha ya tembo aliyevishwa vitambaa vya kumetameta. Sisi tembo tunawafukuza mahindini kwa kupiga madebe. Mpishi alikuwa mtu wa Moshi, aliyewahi kupika kwenye hoteli ya watalii Serengeti. Thailand aliijua kama ninavyoijua mimi.

Mchumba alinipa shikamoo ya haraka, macho kwenye simu, kisha akatuagizia bila kutuuliza. Binti na mimi tuliletewa supu ya tui la nazi yenye mchaichai unaoelea, majani ambayo kwangu yameota nyuma ya banda la kuku na hakuna anayeyashangaa. Yeye aliletewa tambi na kuku. Akatufundisha jinsi ya kushika kijiko. Akatueleza kwamba alipokuwa Dar alikula chakula hiki hadi wapishi wakamzoea. Nimelea watoto, nikalea na wajukuu, na hakuna niliyemfundisha kijiko kwa hotuba ndefu namna ile.

Kisha akaonja tambi zake, akakunja uso, akamwita dada aliyekuwa akihudumia. Alimwambia, kwa sauti iliyofika kila meza, kwamba hicho si Kithai, na kwamba mpishi anadhani anawapikia wachimbaji. Meza ya jirani walikaa wachimbaji, vijana wa kutoka mikoa ya mbali, vumbi bado shingoni. Waliinamisha vichwa wakaendelea kula. Dada akaomba radhi, akaondoa sahani.

Kiti changu kilielekea dirisha la jikoni. Nilimwona mpishi akiitazama ile sahani, akakata kipande cha ndimu, akakiweka juu, akairudisha ile ile. Mchumba akaonja, akafumba macho.

"Sasa hii ndiyo yenyewe," akasema. "Shangazi, watu hawa ukiwanyamazia wanakudharau."

Nikamjibu kwamba ni kweli. Nilimtazama binti, maana naye alikuwa ameona, nikangoja walau atabasamu. Alimpa mwenzake karatasi ya kufutia kidevu.

Tulirudi kwa miguu, mimi na yeye. Nikamuuliza kama kweli anataka kuzeeka na mtu wa aina ile.

"Niliona, shangazi," akasema. "Maringo yake ni ya kijinga, nayajua. Lakini hanywi, hajawahi kuniinulia mkono, na tukiwa wawili nikimwambia kitu anasikia. Nionyeshe mwingine."

Nilimtafuta huyo mwingine kichwani, Matongo yote na Nyanungu nilikoolewa. Marehemu mume wangu sikuthubutu kumtaja.

Kwa kaka sikuficha. Nilimwambia kijana ni mpumbavu mwenye mshahara. Akaniuliza kama ng'ombe anaowaahidi ni wake au ni wa kuazima. Nikasema nimeulizia, ni wake.

"Basi upumbavu atakaa nao kwake," akasema kaka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wameoana. Nikiwatembelea, mume hunieleza namna bora ya kukamua ng'ombe, mtu ambaye mikono yake haijawahi kunuka maziwa. Namsikiliza na kumdharau, na chai yake nakunywa. Binti wa kaka yangu amenenepa, na sijawahi kumkuta na macho mekundu. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli, wala si kwamba nimeanza kumpenda mwanamume yule.