Eustaki na Nia ya Jumamosi

Ijulikane kwa waumini, wapagani na dumuzi wote wanaokula mahindi ya Ufipa: Eustaki wa Mazwi, mchanganya dawa hodari kuliko wote, amejiuzulu.

Kwa miaka tisa alikuwa akiitwa nyumba kwa nyumba baada ya mavuno. Wenzake walijifunga vitambaa puani. Yeye alivua shati, akazamisha mikono kwenye dawa ya unga ya kuulia dumuzi mpaka viwikoni, akakoroga mahindi kama mama anayesonga ugali wa msiba. Alirudi nyumbani mweupe kama sanamu ya mtakatifu, akalala chumba kimoja na magunia yake kumi na manne, kwa kuogopa wezi.

Mwaka huu magunia ndiyo yaliyobaki wenzake pekee. Mimba ya pili ilipoharibika, mkewe Cornelia alirudi kwao Matai. Kilichomkimbiza si mimba, ni sala. Kila Jumamosi jumuiya ya kanisa ilikutana, na Mama Dominika, mwenyekiti, alisoma nia za kuombewa: mvua, wagonjwa, na tumbo la Cornelia. Alilisoma hata mwenye tumbo akiwa amekaa palepale na kikombe chake cha chai.

Eustaki alipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, akala cha mmoja, kingine akawapa kuku. Wiki ya sita akaenda zahanati kumtafutia mke dawa. Muuguzi akamuuliza yeye kazi yake.

"Mbegu za mwanaume hutengenezwa kwa karibu miezi mitatu," muuguzi akamwambia. "Sumu unayoivuta na kuishika wakati huo inaweza kuziharibu kabla hata mimba haijatunga. Mimba ikatoka, au mtoto asikue vizuri. Siapi kwamba ndiyo sababu yenu. Ila mbona mkeo kapimwa mara nne, wewe hata mara moja?"

Eustaki akampigia Cornelia simu, akamweleza yote.

"Nimekusikia," Cornelia akasema. "Waambie na wanajumuiya. Mpaka hapo sirudi."

Jumamosi, Mama Dominika alipofika kwenye tumbo, Eustaki akasimama.

"Mama, futa hilo. Andika mbegu za Eustaki."

Mzee Yohanes akapaliwa na chai.

"Baba, hapa kuna watoto," Mama Dominika akanong'ona.

"Tumbo mlilisoma watoto wakiwepo."

Mama Dominika akafuta, akaandika, akashusha pumzi. "Haya, baba. Tukuombee muujiza gani?"

"Muujiza wa nini, Mama. Sabuni, na miezi mitatu bila dawa."