Lenzi ya Plastiki Siku ya Kumtoa Mwali

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miguu hii ingali na nguvu, nilipanda mlima juu ya Bigwa kwenda kupiga picha za kumtoa mwali. Nilikuwa na lenzi mbili. Ya chuma, niliyoazimwa na mwenye studio aliyekuwa akinifundisha kazi, ilikuwa kwenye kamera shingoni, watu waione. Yangu ya plastiki, zawadi ya kaka yangu, niliifunga ndani ya khanga nikaificha chini ya kikapu, maana mafundi wenzangu wa mjini walikuwa wakiiita kifuniko cha chupa ya chai.

Umeniuliza ununue ipi. Subiri kwanza nimalize mlima.

Siku zote nilimwona mwalimu wangu akiibeba ile ya chuma nikadhani ni kitu chepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Nilipofika juu, shingo inauma na mikono imechoka. Mama wa mwali akanipokea kwa chai na ndizi za kuchemsha, akaniambia taratibu, "Ndiye binti pekee niliyenaye, na atatoka leo tu. Nataka uso wake akiwa juu."

Kwetu Uluguruni mwali hutoka amebebwa begani, anachezeshwa juu ya vichwa vya watu. Ngoma ikalia, watu wakajaa. Ili nimpate ilibidi niinue kamera juu kabisa. Nikainua, mikono ikashuka. Nikainua tena, ikashuka. Nilijua kwenye ile filamu sina ila migongo ya watu, na hofu ikanishika, kwani siku ile haina marudio.

Bibi yake mwali, aliyekuwa akiwasimamia wabebaji, akanivuta kando.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nikiishusha kamera.

"Marahaba. Mbona unapigana na hilo dude?"

"Ni lenzi ya chuma, bibi, ndiyo nzuri. Ninayo nyingine, lakini ya plastiki tu."

Akanionyesha mwanamke mwembamba aliyembeba mwali. "Wanene tupo hapa, na mimi mmojawapo. Tumemchagua yule kwa kuwa atacheza naye mpaka mwisho. Watu wamekuja kumtazama mwali, nani anamtazama mbebaji? Haya, toa hiyo nyepesi!"

Nikaitoa kwenye khanga, nikabadilisha haraka. Mikono ikapanda na ikakaa. Mwali akatazama chini, akajisahau, akatabasamu, jambo ambalo mwali hatakiwi kulifanya. Nikabofya hapo hapo. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Lakini ya chuma siitukani, mwanangu. Pale studioni ilikaa juu ya kigoda chake cha kamera ikafanya kazi kwa heshima miaka mingi. Ile yangu ilikuja kuniponyoka kule stendi ya Msamvu, meno yake ya kushikia kamera yakakatika. Siku nyingine ya chuma nayo ikaanguka, ukingo ukabonyea. Kinachoanguka kinaumia, kila kimoja kwa namna yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Tazama kioo kwanza, kwa sababu kioo ndicho kinachoona. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kisha jiulize utaibeba wapi, na kwa muda gani. Kama ni ya kukaa mahali pamoja na kufungwa na kufunguliwa kila siku, chukua ya chuma, haitalika upesi. Kama utapanda milima na kuinua mikono katikati ya ngoma, chukua nyepesi wala usione haya. Na ile uliyo nayo usiifiche kwenye kikapu kwa maneno ya watu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwali yule sasa ana wajukuu. Mama yake alipofariki, alikuja hapa kwangu Mafiga na ile picha, iliyokuwa ukutani kwa marehemu miaka yote, ili niitengeneze upya. Akaitazama, akacheka peke yake: "Kumbe nilitabasamu!" Mpaka leo hajaniuliza nilimpiga kwa lenzi ya nini.

Nenda, mwanangu. Mungu akutulize mikono, na kila utakayemwinulia kamera ajisahau, atabasamu.