Siku Nilipomfungulia Mama Kaburi

Ukitaka kunirudisha utotoni, inua jiwe tu. Jiwe lililokaa sana chini ya migomba, lenye ukoga wa kijani mgongoni. Likipinduliwa hutoka harufu ya baridi, ya udongo usiojua jua, na minyoo inajikunja kama mtu aliyenyang'anywa shuka. Wajukuu wangu hupindua mawe kutafuta majongoo wa kuchezea, na mimi nikisikia harufu ile naingia jikoni. Wanasema bibi anaogopa wadudu. Mimi niliyeua nyoka kwa jembe nikiwa na mtoto mgongoni. Waache waseme.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno ya kupamba hapa. Nitasema nilivyoona.

Nilikuwa na miaka saba. Nyumbani ni huku juu kwenye baridi, migomba na kahawa vimeshikana mpaka mlangoni. Ng'ombe wetu hawatoki zizini, wanaletewa majani, na majani mazuri yako tambarare, chini kabisa. Mama alikuwa na mimba ya mwezi wa tisa na bado alikuwa akishuka kukata majani na kuyapandisha mlima kichwani. Ilikuwa wiki ya Pasaka, mvua inanyesha, njia inateleza kama imepakwa sabuni. Jumatano alirudi, akatua mzigo, akashika ukuta. Alhamisi mchana akajifungua mtoto wa kiume, na kabla jua halijazama akawa amekwisha. Damu haikuacha kutoka.

Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi, analishwa mtori wa ndizi na nyama ya mbuzi aliyenenepeshwa kwa ajili yake. Mbuzi wa mama alikuwa nyuma ya nyumba, amefungwa kamba, mnene mpaka anahema. Alichinjwa, ila walimla waombolezaji. Nilimwona shangazi, dada mkubwa wa baba, akilamba mafuta vidoleni, na nikamchukia mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye akili.

Mtoto alibaki na bibi, mama yake baba. Bibi alichemsha maziwa ya ng'ombe, akayapunguza kwa maji, akamdondoshea mdomoni kwa kitambaa safi. Mtoto alitema na kulia. Hakulia kwa nguvu; angelia kwa nguvu tungepumua. Alilia kidogo kidogo, kama bawaba ya mlango. Nikasikia jirani akimnong'oneza shangazi kwamba yule hatafika wiki ijayo bila titi la mama yake.

Tulimzika mama Ijumaa Kuu asubuhi, kabla ya ibada, ndani ya kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hatua chache kutoka jikoni. Wanaume walipanga mawe ya mtoni juu yake ili mbwa wasifukue, wakapanda masale kwenye pembe nne, yale majani yetu ya kuonyesha kwamba mahali hapa pana mtu, paheshimiwe. Mwalimu wa mtaa, ndiye aliyetuongoza kanisani mchungaji anapokuwa mbali, akasema kwa sauti yake nzito, "Huyu mama atafufuka."

Alisema hivyo, na hakuna aliyebisha. Saa chache baadaye, kanisani, mtu yule yule akasoma habari za Yesu: kafa Ijumaa, kazikwa, jiwe limewekwa mlangoni, na siku ya tatu, Jumapili, katoka. Nikahesabu kwa vidole chini ya kanga. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nilishangaa kwa nini watu wazima wanalia wakati mambo yako wazi hivi.

Kilichonisumbua ni mawe. Yesu alikuwa na jiwe moja, na akaletewa malaika wa kuliondoa. Mama alikuwa na mawe zaidi ya thelathini, na makaburi huku mlimani ni mengi, malaika angeanzia wapi? Mama mwenyewe alikuwa ametoka kujifungua. Mzazi hanyanyui vitu vizito, hata mimi nilijua.

Jumamosi wanawake walijaa ndani na baba alikuwa kwa wazee. Nikasema naenda kumkatia mbuzi jike wetu majani, kisha nikaingia kihambani. Niliondoa mawe moja moja mpaka vidole vikatoka damu, nikayapanga kwa mstari chini ya migomba, maana mama hakupenda vitu vikitupwa ovyo. Moja lilinishinda. Nilisukuma kwa mgongo, nikasukuma kwa miguu, mwisho nikainama nikamwambia, "Hili utanisaidia kwa ndani." Nikang'oa masale ili asijikwae. Nikaleta kanga yake nyingine nikaiweka pale, kwa kuwa ile aliyozikwa nayo ingekuwa na udongo.

Alfajiri ya Pasaka Walutheri wa huku huenda makaburini na tarumbeta kuwaambia waliolala kwamba Bwana amefufuka. Siku ile, kwa kuwa msiba wetu ulikuwa mpya, walianzia kwetu. Waliimba wakishuka kati ya migomba, taa za chemli mkononi, na mbele alikuwa Mwalimu. Halafu wimbo ukakatika katikati, tarumbeta moja ikabaki inalia peke yake.

"Ni mbwa," shangazi alisema.

"Mbwa gani anapanga mawe kwa mstari?" baba akamjibu.

"Basi ni watu. Kuna mtu anataka kutumaliza ukoo mzima."

Nikatoka nyuma ya bibi. "Ni mimi. Nimemfungulia mama. Leo si ndiyo siku ya tatu?"

Shangazi akaninyooshea kidole. "Huyu apigwe. Amechezea kaburi."

"Ukimgusa, anza na mimi," bibi akasema, kichanga kiko kifuani mwake.

Mimi sikuwa na habari nao. Nilikuwa namwangalia Mwalimu. "Mbona hajatoka?" nikamuuliza. "Mtoto ana njaa."

Mzee yule akageuka. Akaenda kwenye mti wa kahawa uliokuwa karibu, akavuta tawi, akamulika taa. Mwezi ule kahawa huwa mbichi, lakini mara nyingine tunda moja huwahi.

"Unaona nini hapa?"

"Moja limeiva."

"Na mengine?"

"Mabichi."

"Tuukate mti kwa sababu mengine hayajaiva?"

"Hapana."

"Yesu ndiye hili lililotangulia. Mama yako yumo kwenye tawi hili hili."

Watu wakasema amina, wengine wakafuta macho. Walidhani nimefarijika. Na kweli nilifarijika, ila si kwa alivyotaka yeye. Mtoto wa mlimani ukimwambia habari ya kahawa kuiva, umempa tarehe.

Nikangoja mavuno. Kaka yangu mdogo alishika uhai kwa ubishi, akazoea maziwa ya mbuzi, akanenepa mashavu. Kila asubuhi nilizunguka miti ya kahawa. Kahawa ilipoanza kuwa nyekundu nilichuma kuliko watu wazima, nikaimba, baba akanisifu kwamba sasa nimepona. Tulichuma, tukamenya, tukaanika, tukapeleka kuuza. Mitini hapakubaki hata tunda la ndege.

Nikaenda kwa Mwalimu, nikamkuta anapalilia maharage.

"Shikamoo. Kahawa imekwisha."

"Marahaba. Imekwisha, ndiyo, mwaka huu ilikuwa nzuri." Kisha akaniangalia usoni, na jembe likamtoka mkononi. Akakaa chini, pale pale kwenye udongo.

"Mwanangu, mimi nina watoto wawili pale nyuma ya nyumba. Nimevuna kahawa mara kumi na tisa tangu niwazike."

"Na bado unangoja?"

"Bado."

"Huchoki?"

"Nachoka," akasema. Akalia mbele yangu bila kuficha uso, mtu ambaye niliamini kazi yake ni kunyamazisha wengine.

Miaka mingi nilimwona mwongo. Niliimba Pasaka kwa mdomo tu. Baadaye nimezika mume, nikamzika na binti yangu wa pili, na huko ndiko nilikoanza kuielewa Pasaka, nikiwa nimemkasirikia Mungu. Utotoni nilidhani Jumapili inakuja kuifuta Ijumaa, kama mtu anavyofuta ubao. Haifuti. Yesu alipotoka kaburini aliwaonyesha rafiki zake mikono, na matundu ya misumari yalikuwa bado yako pale. Mungu aliyeweza kufufua maiti hakushindwa kuziba matundu. Aliyaacha. Basi najua kwamba alikufa kweli, kwamba anafahamu damu isiyoacha kutoka, na kwamba akimfufua mama atamfufua yule yule, si mwingine asiye na habari za uchungu wake. Kwa hilo nangoja. Na ninachoka.

Lakini kuna jambo la Jumapili ile ambalo lilinichukua muda mrefu kuliko yote, na silo la kanisani. Watu walipoondoka, wanaume wawili walitaka kurudisha mawe. Baba akawaambia waache, atayarudisha mwenyewe. Akaleta kigoda, akaketi pale mbele ya udongo mtupu. Hakwenda ibadani, naye alikuwa mzee wa kanisa. Shangazi alimletea chakula, hakukigusa. Alipomwuliza anafanya nini, alisema anafukuza mbwa. Nilikaa miguuni pake mchana kutwa, na sikuona mbwa hata mmoja. Mara kwa mara aliinama mbele kidogo, akageuza sikio chini, akatulia hivyo, kisha akajiweka sawa.

Jua lilipokuwa linazama akasimama, akakunja mikono ya shati. "Haya, mama, nisaidie," akaniambia, na tukayarudisha, yeye makubwa, mimi madogo.

Niliamini habari ya mbwa hadi siku nilipomzika mume wangu.